Kumlea Mzazi Baada ya Kujifungua kwa Mapokeo ya Ayurveda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo ambayo wazazi, waume zao na mama zao huniuliza zaidi, ama kwa simu kabla hatujaonana, ama tukiwa tumekaa chumbani na mtoto amelala. Mimi ni doula wa baada ya kujifungua, na kazi yangu naifanya Mombasa, katika nyumba za Waswahili na za Wahindi. Neno mzazi nalitumia hapa kama linavyotumika pwani, yaani mwanamke aliyejifungua na ambaye bado yumo ndani ya siku zake za uzazi.

Doula ni nani, na anatofautianaje na mkunga au yaya?

Mkunga ana elimu ya tiba: anazalisha, anapima shinikizo la damu, anashona palipochanika na kuandika yote hayo kwenye kitabu cha kliniki. Yaya ameajiriwa kwa ajili ya mtoto. Doula anakuja kwa ajili ya mzazi mwenyewe, ili ale chakula cha moto, alale, anyonyeshe bila maumivu, na awe na mtu wa kumsikiliza wakati kila anayebisha hodi anampita yeye na kwenda kumtazama mtoto. Neno lenyewe lina asili ya Kigiriki na maana yake ni mwanamke mtumishi. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Dana Raphael, ndiye aliyelitumia katika miaka ya 1970 kumtaja mwanamke anayemsimamia mwenzake katika siku za mwanzo za kunyonyesha.

Sipimi ugonjwa na siandiki dawa. Nikiona jambo lisilonipendeza, nitakwambia twende hospitali, na nitakwenda pamoja nawe.

Ayurveda inasema nini kuhusu mwanamke aliyejifungua?

Ayurveda ni elimu ya kale ya tiba ya Bara Hindi, na ndani yake mwanamke aliyejifungua ana jina lake, sutika, na ana utaratibu wake wa kutunzwa. Msingi wa utaratibu huo ni huu: mwili unatawaliwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na kujifungua kunaivuruga zaidi vata, ambayo tabia zake ni upepo, ukavu, ubaridi na kutotulia. Mtoto ametoka, damu na maji yametoka, mahali palipokuwa pamejaa pamebaki patupu, na upepo huingia palipo patupu. Kwa hiyo kila anachofanyiwa mzazi kinaelekezwa upande wa pili: joto badala ya baridi, mafuta badala ya ukavu, utulivu badala ya pilikapilika.

Katika Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vya msingi vya elimu hiyo, utaratibu umeelezwa hatua kwa hatua. Mwanamke akihisi njaa anapewa samli au mafuta yaliyochanganywa na unga wa viungo vitano vikali, miongoni mwake pilipili ndefu, mzizi wa pilipili hiyo na tangawizi kavu. Tumbo lake linapakwa samli na mafuta, kisha linafungwa kwa kitambaa kikubwa kisafi ili upepo usipate nafasi. Chakula hicho kikishasagika tumboni anapewa uji mwepesi wa mchele, na asubuhi na jioni anaoga maji ya moto. Hali hiyo inaendelea siku tano au saba, na baada ya hapo ndipo anapoanza kulishwa vya kumjenga, kidogo kidogo. Kwa hesabu ya Ayurveda kipindi chote ni mwezi mmoja na nusu.

Nadharia ya vata haithibitiki kwa vipimo vya maabara, nami simlazimishi mtu kuiamini. Ninachokiona katika kazi ni kwamba, uiamini au usiiamini, inawalazimisha watu wa nyumbani kumlaza mzazi, kumpasha moto, kumlisha na kumgusa kwa upole, na mambo hayo anayahitaji kila mwanamke aliyetoka kuzaa.

Je, hili si sawa na arobaini yetu?

Linakaribiana sana, na hilo ndilo lililonivuta. Bibi zetu wa pwani walimfunga mzazi mkaja, yaani kitambaa cha tumbo, wakampikia uji wa pilipili manga, wakamkanda, wakamfukiza udi na kumkataza kutoka nje mpaka siku arobaini zitimie, na sababu waliyoitoa ilikuwa kwamba baridi isimwingie. Bahari ya Hindi imebeba viungo, nguo na watu kwa karne nyingi, wala sishangai kuona vyungu vya pande zote mbili vikinukia namna moja. Mabibi wa Kigujarati wa hapa Mombasa hupika katlu, kitamu cha unga wa ngano, samli, sukari guru, gundi ya mti inayoliwa na mchanganyiko wa viungo uitwao batrisu, jina linalotokana na hesabu ya 32. Humo mwao mna ganthoda, ambayo ni ule ule mzizi wa pilipili ndefu uliotajwa katika Charaka Samhita, na unauzwa leo katika maduka ya viungo.

Hesabu za siku nazo zinasogeleana: arobaini ya pwani, siku 42 ambazo madaktari wanazihesabu kuwa kipindi cha uzazi, na 45 za Ayurveda.

Nitakula nini?

Siku tatu za kwanza napika mashendea: mchele ulioiva kwa maji mengi mpaka ukapondeka, chumvi, kijiko kimoja cha samli, tangawizi kavu na bizari nyembamba iliyokaangwa bila mafuta mpaka ikatoa harufu. Utumbo wa mwanamke aliyejifungua ni mzito, hasa aliyefanyiwa upasuaji, na sahani ya pilau siku ya pili humletea gesi na choo kigumu ambacho kinamtisha kuliko uchungu wenyewe. Kuanzia siku ya nne naingiza choroko zilizokobolewa, nikizipika pamoja na mchele mpaka zikavurugika. Hicho ndicho kichuri, na kwa maoni yangu hakuna chakula kinachomfaa mzazi zaidi yake, kwa kuwa kina nguvu, kina protini, kinashuka vizuri kooni, na anaweza kukila kwa mkono mmoja huku mwingine umemshika mtoto. Natia bizari ya manjano kidogo, uwatu punje chache, na mwishoni karoti au mchicha uliokatwa mdogo mdogo. Wiki ya pili zinakuja supu ya kuku au ya samaki kwa wanaokula nyama, tende, ufuta uliosagwa na sukari guru. Wahindi wengi wasiokula nyama wanabaki na dengu, maziwa na samli, na si tatizo iwapo vidonge vya madini ya chuma walivyopewa kliniki wanavimeza.

Mambo mawili ya mapokeo nayakataa. La kwanza ni kumnyima mzazi maji, eti tumbo litavimba. Anayenyonyesha ana kiu kwa sababu mwili wake unatengeneza maziwa, basi anywe, na mimi humwekea chupa ya maji ya uvuguvugu kando ya kitanda kila anaponyonyesha. La pili ni samli isiyo na kipimo. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au mawe kwenye kibofu cha nyongo hali yake si ya kubahatisha. Kabla sijapika huwa naomba kujua daktari alisema nini.

Uwatu unaongeza maziwa kweli?

Ushahidi wake ni mdogo na haukubaliani. Shatavari, mzizi wa Kihindi unaosifiwa kwa kazi hiyo hiyo, nao uko katika hali hiyo. Kinachoongeza maziwa kwa uhakika ni mtoto kunyonya vizuri na mara nyingi, yaani mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, usiku ukiwemo.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimchanganyia mzazi mmoja uwatu kwa vijiko badala ya punje, kwa sababu mtoto alikuwa analia na sote tuliamini maziwa hayatoshi. Tumbo likamwendesha mama siku mbili, na mtoto akaendelea kulia. Muuguzi wa kliniki alipomtazama akinyonyesha aliona jambo ambalo mimi sikuliona: mtoto alikuwa ameshika ncha ya chuchu tu. Alimsogeza, mdomo ukafunguka na kushika sehemu kubwa ya ziwa, na baada ya dakika chache tukasikia anameza. Tangu hapo naanza na mkao wa mtoto, na viungo vinakuja nyuma. Uwatu pia hushusha sukari ya damu, unagongana na dawa za kuzuia damu kuganda, na unaweza kumdhuru mwenye mzio wa karanga au dengu.

Kukandwa kunafanywaje?

Ayurveda inaita abhyanga. Natumia mafuta ya ufuta, na kwa mwenye ngozi inayowaka au msimu wa joto kali natumia ya nazi. Chupa naitumbukiza ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka mafuta yawe na joto la mwili, kisha nayajaribu kwenye kifundo cha mkono wangu. Dirisha linafungwa, shuka kuukuu linatandikwa, na mzazi anafunikwa khanga, ikifunuliwa sehemu ninayoikanda tu. Naanza na nyayo, kwa sababu mtu akishikwa nyayo kwa mkono wa joto mabega yake yanashuka yenyewe. Kisha miguu, mikono, mgongo, shingo na utosi. Viungo nakanda kwa mizunguko, mifupa mirefu kwa kupandisha na kushusha. Robo tatu ya saa inatosha, na mara nyingi analala kabla sijafika shingoni. Baada ya hapo anaoga maji ya moto.

Sikandi mwenye homa, mwenye upele au jeraha mahali hapo, wala mguu mmoja uliovimba na kuuma, kwani inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa, na mguu huo unakwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Vipi kuhusu mkaja na kukandwa tumbo kwa maji ya moto?

Mkaja naupenda, ukifungwa ipasavyo. Kitambaa cha pamba, kipana kiasi cha kutoka nyongani mpaka chini ya mbavu, kinafungwa mzazi akiwa amelala chali, kuanzia chini kwenda juu, na vidole vyangu viwili lazima vipite kati ya nguo na ngozi. Unashikilia mgongo na misuli ya tumbo iliyolegea, na wengi wanasema wanajihisi wameshikamana tena. Hauyeyushi mafuta. Ukikazwa kupita kiasi unasukuma uzito wote chini, kwenye misuli ya nyonga iliyokwisha kuchoka, na huko unaweza kuleta madhara ya kudumu.

Maji ya moto ni habari nyingine. Najua bibi wengi wanaamini kwamba asiyekandwa tumbo kwa maji yaliyochemka atabaki na damu mbovu. Kizazi kinajirudisha chenyewe kwa kujikaza: mara baada ya kujifungua kina uzito wa kilo moja hivi, na baada ya wiki sita kinakuwa hakizidi gramu 100. Kunyonyesha ndiko kunakokihimiza kujikaza, na ndiyo maana tumbo hukata mtoto anaponyonya. Maji yanayochemka yanaunguza, na nimeona ngozi iliyobabuka. Taulo lenye uvuguvugu mgongoni nalikubali. Kukalia mvuke, kuweka chumvi au dawa yoyote ukeni, hapana.

Kwa aliyejifungua kwa upasuaji, tumbo silikandi kabisa mpaka daktari aseme kidonda kimepona, na mkaja unafungwa kwa ruhusa yake tu. Nyayo, mikono na mabega yake hayakupasuliwa, na hayo nayakanda kama ya mwingine yeyote.

Nimeletewa dawa za Ayurveda kutoka India. Nitumie?

Uniruhusu niwe mkali hapa. Chakula cha Ayurveda ni jambo moja, na vidonge, unga na chupa ni jambo lingine. Tawi moja la elimu hiyo hutengeneza dawa kwa kutumia zebaki, risasi na madini mengine kwa makusudi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani eneo la Boston, na 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi inapita kwenye maziwa ya mama na inaharibu ubongo wa mtoto. Ashwagandha, mzizi mwingine wa Kihindi, nayo simpi anayenyonyesha. Dashamularishta, ambayo katika nyumba nyingi za Wahindi hupewa mzazi kwa kijiko, imetengenezwa kwa kuchachushwa na ndani yake mna pombe. Waislamu wengi hawalijui hilo mpaka waambiwe.

Hata manjano nanunua vidole vizima na kusaga mwenyewe, kwa sababu unga uliopakwa rangi yenye risasi umewahi kugunduliwa sokoni, hasa Bangladesh.

Mtoto mchanga naye anafanyiwa nini?

Machache. Anakaa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, haoshwi kabla ya saa 24, na ananyonya maziwa ya kwanza yale ya manjano, ambayo si machafu wala hayakamuliwi kutupwa. Baada ya wiki moja au mbili, ngozi ikiwa nzima, namfundisha mama kumpapasa kwa mafuta kidogo ya nazi, kiganja kikiwa kizito kama kitambaa tu. Katika Kaskazini mwa India wamezoea mafuta ya haradali, lakini hayo yanadhoofisha ngozi ya kichanga. Hatumvuti viungo, hatumkamui chuchu, hatumtii mafuta puani wala masikioni.

Asali na samli anazorambishwa mtoto kwa desturi ya Kihindi siku ya kuzaliwa, naomba aachiwe mama ajipake mdomoni mwake mwenyewe. Asali haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, maana inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli hadi pumzi. Wanja wa macho mara nyingi una risasi. Kitovu kinabaki kikavu na kisafi, kikipakwa tu dawa uliyopewa kituoni. Maji, uji na dawa za mitishamba kwa mtoto zinangoja miezi sita.

Mavyaa wangu anataka kila kitu kifanyike kama alivyofanyiwa yeye. Nitamwambiaje?

Usimwambie wewe. Wewe ni mzazi, na ugomvi wa siku hizi haukuhusu. Mimi naanza kwa kukaa naye jikoni na kumuuliza alilelewaje alipojifungua mtoto wake wa kwanza, na ninamsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa yeye ana elimu ambayo mimi nimeisoma tu. Katika kila mambo kumi anayoyataja, saba au manane yanafaa, na hayo nampa ayafanye kwa mikono yake: apike uji, afunge mkaja nikiwa karibu, akae na mtoto wewe ukalale. Nikishampa nafasi hiyo ndipo ninapomwambia, “Mama, hili la asali daktari amelikataza,” na mara nyingi hukubali bila maneno mengi.

Ni dalili zipi ambazo hazingoji?

Kwa mzazi: damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, au mabonge makubwa, homa, uchafu unaonuka, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu, kwa kuwa kifafa cha uzazi kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, degedege, kifua kubana au pumzi kukata, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kidonda kufunguka au kutoa usaha. Kwa mtoto: kukataa kunyonya, kulegea, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, kupumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, kifua kuingia ndani anapovuta pumzi, degedege, kitovu chekundu chenye usaha, na manjano ya ngozi yaliyoonekana siku ya kwanza au yaliyofika viganjani na nyayoni.

Ukiona mojawapo, nenda kwanza, kisha unipigie simu ukiwa njiani. Arobaini haimzuii mtu kwenda hospitali. Hata pasipo na dalili, Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 za mwanzo, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita.

Nalia bila sababu. Ni kawaida?

Kulia kunakoanza siku ya tatu au ya tano na kuisha ndani ya wiki mbili kunawapata wanawake wengi. Kukizidi hapo, au ukakosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, ukakosa hamu na mtoto, ukajiona mzigo, huo ni ugonjwa, nao una tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 13 katika kila 100 waliojifungua wanapata maradhi ya akili, hasa sonona. Mafuta ya ufuta hayatoshi kutibu hilo, ingawa nitaendelea kukukanda huku ukitibiwa. Likija wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, au ukasikia sauti, usibaki peke yako hata dakika moja. Mwambie aliye karibu, na mwende hospitali usiku huo huo.

Mimi ni Mwislamu, au Mkristo. Je, kuna ibada ya Kihindu ndani yake?

Hakuna katika ninayoyafanya. Ni chakula, mafuta, maji ya moto na usingizi. Dua ni yako.

Baba anafanya nini?

Sheria ya Kenya inampa baba aliyeajiriwa wiki mbili za likizo yenye malipo, na ningependa azitumie nyumbani. Asimamie mlango, maana wageni wanamchosha mzazi kuliko mtoto. Ambadilishe mtoto nepi za usiku na kumleta kitandani anyonye, kisha amcheushe. Ajifunze kupasha mafuta. Nimefundisha waume kadhaa kukanda nyayo, na hakuna aliyeshindwa.

Gharama ni kiasi gani?

Tunapatana kwa idadi ya siku na umbali. Asiyeweza kunilipa wiki zote aniite kwa siku mbili tu, kabla hajajifungua, nimfundishe dada au mama yake kupika, kukanda na kufunga mkaja. Mwezi wa saba wa mimba ni wakati mzuri wa kunitafuta.

Kazi yako inaisha lini?

Wiki ya sita nakwenda na mzazi kliniki, mtoto akachanjwe na mama apimwe na kuzungumza na muuguzi kuhusu uzazi wa mpango. Tukirudi nakanda mara ya mwisho, ila safari hii naketi pembeni na yule dada au mama ndiye anayekanda, akianza na nyayo. Mkaja nauacha umefuliwa na kukunjwa, na chupa ya mafuta inabaki mkononi mwake, kwa sababu siku tatu zilizobaki mpaka kufika 45 ni zake.